Vifaranga Aliowaagiza Marehemu

Simu iliita Fundi akiwa amepiga magoti mbele ya geti la mteja, kinyago cha kuchomelea kimemfunika uso. Akaiacha ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Akazima mashine, akavua glavu moja kwa meno, akapokea.

"Samahani kaka, kuna mama mmoja aliagiza vifaranga kwangu, akaniachia na namba hii ya mumewe. Yake haipatikani. Mwambie vifaranga wake wametoka. Nusu boksi, chotara, kama alivyotaka."

Fundi alitazama mkono wake usio na glavu kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Huyo mama amefariki," alisema. "Tumemzika mwezi uliopita."

Upande wa pili zilisikika sauti nyembamba, nyingi, zikilia kwa pamoja.

"Pole sana kaka. Jamani, pole sana. Basi usihangaike, nitawatafutia mtu mwingine."

Fundi alitaka kusema sawa. Alishafungua kinywa aseme sawa. Akajikuta anasema, "Subiri kwanza. Nitakupigia."

Mkewe aliwaagiza vifaranga wale akiwa kitandani, katika zile siku chache alizopata nafuu, akala, akacheka, akamtuma mama yake amletee kioo. "Nikipata nguvu sitaki kukaa bure," alisema. "Nataka nifuge." Fundi akakubali, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa kila kitu. Mkewe mwenyewe akampigia muuzaji, akabishana naye kwa sauti kali ya sokoni, mpaka Fundi aliyekuwa mlangoni akadhani ugonjwa umeshindwa. Haukuwa umeshindwa. Mayai yalipokuwa bado kwenye mashine ya kutotolesha, mwenyewe alishawekwa kaburini.

Jioni ile Fundi alimkuta mama mkwe wake uani, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe. Yeye ndiye aliyekuja kumuuguza bintiye, na watu wa msiba walipotawanyika kila mmoja na njia yake, yeye akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki, wala hakuna aliyemwambia aondoke.

Tatizo la nyumba ile lilikuwa mazungumzo. Miaka yote ya ndoa, Fundi na mama mkwe wake walikuwa wakizungumza kupitia mtu wa tatu. "Mwambie mumeo chakula kiko tayari," mama angesema, na mume yuko nyuma ya pazia anasikia kila neno. "Hebu muulize mama kama mguu wake umepoa," Fundi angesema, na mama yuko hapo hapo barazani, na mguu wenyewe ameunyoosha. Mkewe aliwacheka sana. Alisema atawatoza nauli kwa kubeba maneno yao huku na huku. Sasa mbebaji hayupo. Mama aliweka chakula mezani, akakifunika, akakohoa kidogo kumjulisha mwenye nyumba, akaingia chumbani kwake. Fundi alikula peke yake, akaosha sahani yake taratibu isigonge sinki. Heshima yao ilikuwa imegeuka ukuta, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeujenga.

"Mama," alisema Fundi, akabaki amesimama. "Kuna mtu amepiga simu. Yule wa vifaranga."

Vidole vya mama vikaendelea na mchele. Halafu vikasimama.

"Wametoka?"

"Wametoka. Amesema kama hatuwataki atampa mtu mwingine."

"Mtu mwingine nani?" Mama aliinua macho, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Fundi usoni tangu mazishi. "Si ana wenyewe hapa? Kawachukue, Fundi. Watoto hawaachwi kwa jirani."

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na kisichopitisha upepo kilikuwa kimoja tu, kile alicholala mgonjwa. Wote wawili walilijua hilo. "Kile cha nyuma," alisema mama, "ndicho chenye joto." Hakukiita jina lingine. Fundi aliingia na spana, akafungua kitanda, ubavu kwa ubavu, akavitoa vyuma nje na kuvisimamisha ukutani. Godoro mama alilikunja mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Kisha wakafagia. Chini ya kitanda kilikuwepo kibanio kimoja cha nywele. Mama alikiokota, akakitia kwenye fundo la kanga yake, na kazi ikaendelea.

Kwa seremala wa jirani Fundi alipata gunia la maranda, akayamwaga sakafuni. Akakunja mabati membamba, akayaunga kuwa duara, kwa kuwa vifaranga wakipata kona hujazana hapo mpaka wakabanana na kufa. Akatengeneza na kiunzi cha kuning'inizia taa, chenye mnyororo wa kuipandisha na kuishusha. Kilikuwa kiunzi cha kubeba injini, si taa. Mama alikizunguka, akakitikisa.

"Hata mimi nikining'inia hapa, hakianguki," alisema. Fundi alichelewa kutambua kwamba ametaniwa.

Muuza vifaranga aliitwa Daktari, ingawa hajawahi kumtibu mtu wala ng'ombe. Jina lilitokana na koti jeupe alilovaa dukani. Alimpa Fundi mkono kwa mikono miwili, akampa pole tena, kisha akamfungulia boksi. Ndani walijaa vifaranga wa manjano, kahawia na weusi, midomo wazi.

"Sikiliza, kaka. Hawa hawawezi kukwambia wanaumwa wapi, kwa hiyo watazame wanavyokaa. Ukikuta wamejikusanya chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni wakapanua mabawa, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika wanakula na kupiga soga, waache. Chanjo nitakuwekea kwenye friji, utakuja kuchukua kila ikifika zamu yake. Na maranda yasilowe. Yakilowa ukayaacha, utawapoteza."

Fundi alirudi nyumbani amelikumbatia boksi, akitembea polepole kama amebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Mama alikuwa anamngoja mlangoni, mikono imeoshwa. Aliketi chini kando ya duara la mabati, akawapokea mmoja mmoja. Kila kifaranga alimshika kiganjani, akamchovya ncha ya mdomo kwenye maji ya glukosi, akangoja mpaka koo limepanda na kushuka, ndipo akamweka chini ya taa.

"Unajua kufuga, mama?"

"Sijui. Ila nimepika shule ya bweni maisha yangu yote. Mwenye njaa namjua, hata awe na manyoya."

Hivyo ndivyo walivyoanza kuzungumza. Mwanzoni yalikuwa maneno ya kazi tu. Taa ishushwe. Yule ana kinyesi kimemkauka nyuma, nipe kitambaa cha maji ya vuguvugu. Pumba zimebaki kidogo. Lakini mtu hawezi kukaa na mwenzake kwenye chumba kidogo, wote wameinamia duara moja, akaendelea kusema habari za pumba peke yake. Mama alianza kusimulia visa vya jikoni shuleni, jinsi wanafunzi walivyomwibia ukoko na kukataa huku masizi yako midomoni. Kifaranga mmoja mweusi, aliyewapanda wenzake migongoni ili awahi kula, akampa jina la Kiranja. Fundi naye akasimulia habari za mteja aliyetaka geti la simba wawili, akaletewa na kusema simba hao wanafanana na shemeji zake.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akaendelea kuyafuta, kicheko kikiwa kimeshaisha. Fundi akainama, akajifanya anarekebisha mnyororo wa taa.

Jambo moja hawakuligusa. Siku mkewe alipokata roho, Fundi alikuwa karakana. Aliondoka asubuhi mgonjwa akiwa amelala vizuri, akasema atawahi kurudi, na mama peke yake ndiye aliyekuwepo saa ile ilipofika. Fundi hakuwahi kuuliza ilikuwaje. Mama hakuwahi kusema. Kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake kwa kunyamaza.

Vifaranga walipoanza kuota manyoya ya mabawa na kuruka juu ya mabati, Fundi aliwatengenezea banda uani. Alitumia vipande vya nondo za madirisha vilivyobaki karakana, akachomelea kwa uangalifu wote alionao. Mama alilitazama banda, akamtazama aliyelitengeneza.

"Hawa wamehukumiwa miaka mingapi?"

Wakati huo huo ndipo kaka wa marehemu alipokuja. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, dereva wa lori, mtu wa kuongea kwa sauti kubwa kwa sababu ya kuzoea ngurumo ya injini. Aliegesha lori barabarani, akaingia, akamkumbatia Fundi, akamwita shemeji, akala chakula. Alipomaliza kula akanawa, akasema alichokuja kusema.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

"Nina vifaranga," alisema mama.

"Vifaranga?" Alicheka, akageukia banda, akaona kwamba mama yake hacheki. "Mama, tusidanganyane. Binti yako hayupo. Mtoto hakuacha. Hapa unakaa kwa nani? Watu wanauliza, mimi nawajibu nini? Kwamba mama yangu anachunga kuku kwa mkwe?" Kisha akapunguza sauti. "Shemeji, usinielewe vibaya. Wewe bado kijana. Kesho keshokutwa utataka kuanza maisha mengine. Utamwambiaje mama aondoke? Namsaidia yeye, nakusaidia na wewe."

Mama alimtazama Fundi. Alimtazama kwa muda, kama anayengoja neno.

Fundi aliliona jicho lile. Neno alikuwa nalo. Lakini alijiuliza yeye ni nani hata amzuie mama wa watu asiende na mwanawe wa kumzaa, na haki hiyo ataitoa wapi, hasa baada ya kutajiwa kwamba hakuna mtoto. Akatazama chini.

"Kama mama ataona ni vyema," alisema.

"Haya," alisema mama. Akainuka kwenda kufunga mizigo yake.

Kabla ya kupanda lori alipita bandani, akamwonyesha Fundi namna ya kupindua maranda kwa reki kila asubuhi, yale ya chini yaje juu yakauke. Fundi aliitikia kila neno. Mlango wa lori ukafungwa. Mama hakugeuka nyuma, na Fundi akalichukua hilo kama ushahidi kwamba alikuwa anatamani kuondoka siku nyingi.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Fundi akachukua kazi kila iliyokuja. Alipata oda ya mageti ya jengo jipya, akawa anatoka alfajiri na kurudi amechoka hoi. Vifaranga aliwatupia chakula, akawajazia maji, akaondoka. Mvua zikaanza. Upande mmoja wa banda ukawa unapigwa na manyunyu, na chombo cha maji nacho kikawa kinavuja. Reki ilikuwa imeegemea ukuta. Aliiona kila siku, akasema kesho.

Jumapili moja asubuhi aliwakuta baadhi yao wamejikunyata, mabawa yameshuka, macho yamefumba nusu. Kwenye maranda kulikuwa na matone mekundu. Kiranja alikuwa amelala ubavu mlangoni mwa banda, tayari amekakamaa.

Mama alikuwa na tabia ya kupiga simu kila Jumapili. Jumapili ile alipiga kama kawaida.

"Hawajambo watoto?"

"Hawajambo, mama."

"Kiranja je? Bado anawapanda wenzake?"

Fundi alikuwa amesimama uani, jembe mkononi. "Bado," alisema. "Amezidi sasa."

Mama alicheka. Fundi alikata simu, akamalizia kuchimba.

Alikwenda kwa Daktari, akapewa dawa ya kuhara damu ya kuchanganya na maji. Daktari hakumkaripia. Alimwambia tu atoe maranda yote, achome, aweke mapya, halafu awatenge waliolegea. Fundi alifanya hivyo siku ile ile. Dawa inahitaji kuku awe anakunywa, na wengi walikuwa wameshaacha kunywa. Waliendelea kufa. Jumapili iliyofuata mama aliuliza tena, na Fundi akasema tena hawajambo, wamekuwa wakubwa, hata wengine wanajaribu kuwika.

Labda ilikuwa ile habari ya kuwika. Kuku wa umri ule hawawiki, hata mpishi wa shule analijua hilo. Katikati ya juma, mchana, Fundi akiwa amerudi kuwapa dawa, geti likafunguliwa na mama akaingia, kikapu kichwani, viatu vimejaa tope la njiani. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja mpaka bandani, akasimama.

Waliobaki hawakufika nusu. Walikuwa wamesimama juu ya maranda mapya, wamenyong'onyea, wengine wanadonoa kwa mbali. Kando ya ukuta udongo ulikuwa umefukuliwa na kufukiwa tena.

"Kiranja?" aliuliza.

"Alikuwa wa kwanza."

Mama alitua kikapu. "Kwa hiyo nilikuwa nawasalimia marehemu."

"Nisamehe, mama."

"Sijauliza habari ya msamaha. Kuku wanakufa, hata wanaofugwa na madaktari. Nauliza kwa nini hukuniambia."

Fundi alisugua viganja vyake vilivyojaa makovu ya cheche. Alijibu akiwa anatazama udongo uliofukuliwa.

"Ulibaki hapa kwa ajili yao. Nikaona, ukisikia wamekwisha, hutakuwa tena na sababu ya kupiga simu."

Mama aliketi juu ya tofali lililokuwa karibu na banda, akavua viatu, akaunyoosha mguu wake mbovu.

"Fundi," alisema, "mimi sikubaki kwa ajili ya kuku. Nilibaki kwa sababu nilishindwa kutoka katika chumba kile. Kila nikitaka kufunga mizigo, naona nikiondoka nitakuwa nimemwacha humo peke yake. Simu ya Daktari ilipokuja nikashukuru. Nikapata la kuwajibu watu. Na siku ile kaka yake amekuja, nilikutazama useme, mama baki. Ukasema, mama akiona ni vyema."

"Niliona haya."

"Na mimi niliona haya kuomba."

Kuku mmoja alisogea kwenye maji, akainamisha kichwa, akanywa, akainua mdomo juu. Wote wawili walimtazama mpaka akameza.

Ndipo Fundi alipouliza.

"Siku ile, mama. Aliniulizia?"

Mama alifungua fundo la kanga, akalifunga tena.

"Ningeweza kukwambia ndiyo, ukafurahi. Lakini leo tumeshadanganyana vya kutosha. Hapana. Hakukuulizia. Aliamka, akasema anasikia baridi miguuni. Nikamfunika. Akauliza kama nguo nimeshaanua, maana alisikia mvua. Mvua haikuwepo. Nikamwambia nimeanua. Akasema, haya. Akalala. Mimi nikaendelea kumsugua miguu, namsugua, nikidhani imeanza kupata joto, kumbe ni mikono yangu."

Fundi aliketi chini pale pale, kwenye udongo wenye unyevu, mgongo umeegemea nondo za banda. Kwa miezi yote hiyo alikuwa amejitayarisha kusikia kwamba aliitwa na hakuwepo. Hakujitayarisha kwa hili dogo, la nguo na mvua. Akalia kwa sauti, kama mtoto aliyeanguka mbali na nyumbani, na hakujificha. Mama hakumwambia anyamaze. Alimwekea mkono begani, mkono mzito wa mtu aliyekoroga masufuria makubwa miaka mingi, akauacha hapo. Machozi yake mwenyewe yalidondokea kanga, naye hakuyafuta.

Walipomaliza, mama aliomba reki.

Alikaa mpaka kuku waliobaki wakapona. Mwanawe alipopiga simu kuuliza kulikoni, alimjibu kwa sauti ya juu ili Fundi asikie: yuko kwa mwanawe mwingine, akimaliza atarudi. Akakata simu kabla hajaulizwa mwingine yupi. Mvua zilipokwisha, Fundi alihamisha banda, akalipa paa lenye mgongo wa kutoa maji. Kitanda alikirudisha chumba cha nyuma, akakifunga kwa spana, na mama akahamia kulala humo, kwa sababu, alisema, ndicho chenye joto.

Lakini mama alikuwa na nyumba yake, na shamba dogo, na majirani wa kugombana nao, na ulipofika wakati wake mwenyewe alisema anataka kwenda. Safari hii alisema mapema, na Fundi akasema mapema kwamba hapendi aende, ila atamsindikiza. Kuku waliwagawana. Mitetea iliyokuwa imeanza kutaga mama akaichagua kwa jicho la mpishi, na Fundi hakubisha.

Kaka wa marehemu ndiye aliyewabeba kwa lori lake. Walipofika, yeye na Fundi walitoa vipande vya banda jipya, wakaanza kuviunganisha nyuma ya nyumba ya mama. Kaka alishika nguzo, Fundi akachomelea.

"Shemeji," kaka alisema, macho ameyageuzia pembeni kukwepa mwanga. "Lile neno langu la siku ile. La mtoto."

"Shika wima," alisema Fundi. "Inalala upande wako."

Kaka akaisimamisha nguzo. "Namaanisha nilikosea."

"Nimesikia, kaka. Shika hivyo hivyo."

Mama alitoka jikoni, akalitazama banda, akawaambia limekaa upande, na kwamba waende kunawa, wale chakula kwanza. Fundi alilala huko siku mbili, akalinyoosha banda, akarekebisha na bawaba za mlango wa jikoni. Kisha akarudi kwenye kazi zake. Mwezi haukuisha kabla hajapanda basi kwenda tena kwa mama.